Wanga wa Taaka

Nilianza kuvusha majuala mwaka ule yalipopigwa marufuku,
nikiyafunga kiunoni chini ya leso mbili,
nikipita boda hapa Busia na mimba ya nailoni
isiyozaliwa miezi sita, na askari wa forodha
akiniuliza, "Mama, bado tu?"
"Bado," namwambia. "Huyu ni mzito wa kutoka."

Kwa mimba hiyo nilimlipia Taaka karo.
Mtoto wa marehemu kaka yangu, kimya kama kisima,
alikwenda Kisumu kusomea kemia
akarudi na miwani, deni, na chupa ya gliserini,
akaniomba jiko la nje na sufuria ya matanga.

Alichukua mihogo michungu ya Nambale,
ile isiyolika mpaka ivundikwe kwanza,
akaikwaruza, akaikamua kwa kitambaa, akayaacha maji yatulie.
Asubuhi chini ya beseni palikuwa na weupe mzito
unaolia ukiufinya, kama kiatu kipya.
Maji hayo mama yangu aliyamwaga. Na mama yake.
Tumeinywesha migomba weupe ule miaka yote
tukidhani ni uchafu.

Usiku akakoroga. Wanga, maji, gliserini, siki kijiko kimoja,
moto mdogo, mwiko usitue,
mpaka uji ukaacha weupe ukawa wa kupenya macho,
akaumwaga juu ya vioo vya dirisha tulivyong'oa chumbani kwangu.
Jirani yetu Makhulo akachungulia uani:
"Mtoto wa Ouma anawanga!"
Ndiyo, nikamjibu. Anapika wanga. Njoo uonje.

Ngozi ya kwanza ilikatika kama chapati ya juzi.
Ya pili ilinata, ikaita nzi na sisimizi.
Ya tatu nilifungia ngege wa moto wa mteja,
ikayeyuka ikawa mchuzi; mteja akala, akadai chenji.
Ya nne aliila mbuzi, na mbuzi yuko hai mpaka leo,
jambo ambalo Taaka aliliandika daftarini kwa wino mwekundu.

Nikamwambia: wewe, mwaka wa njaa
tulihesabu vipande vya muhogo kama shilingi,
leo unakivalisha chakula suti ya chakula?
Hakujibu upesi. Akanivutia beseni la maganda.
"Nataka kukamua haya, shangazi. Nyama iende sufuriani."
Maganda yana wanga haba, akakiri. Anajaribu.

Akafukia vipande viwili nyuma ya banda la kuku:
kimoja chake, kimoja changu.
Kumbe alijua ninapoficha.
Siku arobaini, tunavyohesabu za maiti,
akafukua. Pa kwake palikuwa na nyungunyungu watatu
na udongo mweusi. Pa kwangu juala lilitoka linang'aa,
akalikung'uta, akanikabidhi
bila neno. Afadhali angenitukana.

Burungutu la mwisho lilibaki chini ya kitanda.
Sikulichoma, moshi wake hukaa kooni. Sikuliuza.
Jana alasiri, vioo kumi na viwili vimeanikwa uani,
oda ya kwanza, ya mama wa omena kavu pale sokoni,
wingu likatua bila hodi.
Taaka yuko mjini kutafuta siki.
Nikalivuta burungutu, nikayapasua majuala,
nikayatandaza juu ya wanga wake, mawe pembeni,
na pale mawe yalipopungua
nikalala mwenyewe, kifua juu ya nailoni.

Alipofika alinikuta nimelowa hivyo.
Akatazama majuala. Akainua ncha moja, akagusa chini: pakavu.
"Ndiyo ya mwisho haya?"
Ndiyo, nikasema, ya mwisho.

Yako mengine kwa Makhulo.
Nitamwambia kesho.